Nilivyoipima Safu ya Mawe

Mtu akiwaambia nyumba fulani ni salama, msimwulize amesoma wapi. Mwulizeni alikaa ndani yake muda gani. Nawaambia ninyi vijana mnaoingia kazi ya afya na kalamu mpya mifukoni, kwa sababu mimi nilikuwa na jibu zuri sana la swali la kwanza, na la pili hakuna aliyeniuliza mpaka tulipokuwa tumechelewa.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutafuta mahali pa kulala askari. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikipigana na waasi msituni, na kambi ya Lanet ilikuwa imefurika watu kuliko nyumba. Wazungu waliishi kwenye nyumba za matofali zenye mabomba ya moshi. Askari wasio na wake walikuwa na mabweni ya mabati. Wenye familia walikaa kwenye mahema, upande wa chini wa kambi, mahali ambapo ukungu wa asubuhi ulikuwa unaondoka saa nne. Watoto walikohoa. Kila juma tulipeleka mmoja au wawili hospitali ya Nakuru, na si wote waliorudi.

Mimi nilitoka moja kwa moja chuo kikuu kule Kampala, mtoto wa mwalimu wa misheni kutoka Taita, na nilikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Siku yangu ya tatu kazini nilimwuliza Meja, daktari wa kambi na mkubwa wetu, kwa nini hema la askari liwekwe kwenye bonde la ukungu na farasi wa maafisa wawekwe kilimani penye jua. Akacheka. Akasema swali ni zuri. Kisha akageuka, akamwita mtu aliyekuwa amesimama karibu na Landrova akifunga kamba ya kiatu, akamwuliza, "Mzee, unaonaje, tuwahamishie wapi?"

Mtu huyo alikuwa Barasa.

Barasa alikuwa nyapara wa usafi wa kambi. Alitoka upande wa Bungoma, alikuwa amepigana Burma, na shule aliijua miaka minne tu. Alikuwa na kikohozi kirefu cha mvuta kiko. Alipoanza kukohoa katikati ya maneno, Meja alisubiri. Mimi nikisita kidogo tu kutafuta neno, Meja alikuwa amekwisha kuondoka. Nawaambia ukweli, nilimwonea wivu mzee yule mpaka kikohozi chake.

Tukienda kutazama viwanja, Barasa alikaa mbele na Meja. Mimi nilikaa nyuma pamoja na majembe na ndoo, nikiwa nimeshikilia mkoba wenye ramani nilizochora mwenyewe. Wake wa askari walituona tukipita kila siku hivyo, na wanawake hao walikuwa na macho. Mmoja wao, Mbithe, mke wa Sajini Kilonzo, ndiye aliyetupa jina. Nilipita mbele ya hema lake siku moja nikasikia, "Wake wenza wa Meja hao wanakuja. Mkubwa yuko mbele, mdogo amenuna nyuma."

Wakacheka wote. Nikamwambia nina diploma.

"Pole, Bwana Diploma," akasema. "Hata mke mdogo huja na sanduku zuri."

Mbithe alikuwa na mimba ya miezi mitatu wakati huo. Mtoto wake wa kwanza alikuwa amekufa kwa kifua ndani ya hema lile lile. Hakuwa akiisema habari hiyo, lakini kila nilipopita aliniuliza swali moja: nyumba ni lini? Alitaka huyu wa pili azaliwe chini ya bati. Kwa hiyo mjue tangu sasa, tulipokuwa tunazungumza viwanja na udongo na upepo, tulikuwa tunazungumza mtoto wa Mbithe. Sajini mwenyewe alikuwa porini majuma matatu kila mwezi, akirudi analala siku nzima.

Nitawaeleza jinsi Barasa alivyokuwa anachagua mahali, maana hayo hayamo katika vitabu nilivyosoma, na mengine nimeyatumia mpaka nimestaafu.

Udongo wa Lanet ni majivu ya volkano. Ukiutazama ni mzuri, mwepesi, unalimika kama unga. Mimi nilichimba mashimo ya majaribio, nikapima kina, nikaandika kwamba uwanja wa kaskazini unafaa kwa vyoo vya shimo. Barasa alikuja na debe moja la maji, akalimimina shimoni, akakaa juu ya debe akawasha kiko. Maji yalipotea kabla hajavuta mara ya tatu.

"Vizuri," nikasema. "Hayatuami."

"Yameenda wapi?"

"Chini."

"Chini wapi, kijana?"

Sikujua. Akanionyesha ufa mwembamba, upana wa kidole, ukipita nyasi kuelekea reli. Akasema mvua kubwa ikija ule ufa utafungua mdomo. Nilibisha nusu saa, kwa Kiingereza, nikimtazama Meja. Mvua za Aprili zilikuja, na choo kimoja nilichosisitiza kichimbwe kikamezwa chote, mlango na paa. Kwa bahati hakuna aliyekuwamo. Wanawake walisema Bwana Diploma amechimba choo cha kwenda Mombasa.

Jambo lingine lilikuwa upepo. Wakati wa kiangazi upepo wa mchana unainua vumbi jeupe la magadi kutoka ufukoni mwa ziwa la Nakuru. Ukitazama uwanja asubuhi huwezi kujua. Barasa alitundika shuka lililolowa kwenye mti saa sita, akarudi saa kumi, akalilamba. Akitema kwa ladha ya magadi, uwanja huo tuliuacha. Meja aliona ni jambo la kuchekesha sana, akalilamba naye. Mimi nilikataa. Niliandika kwamba njia hiyo si ya kisayansi, na nikaongeza majedwali ya upepo kutoka kituo cha hali ya hewa, yaliyosema neno lile lile lililosemwa na ulimi.

Tena alikuwa anauliza wachungaji walikuwa wanafunga wapi ndama zamani, kabla ya mashamba ya Wazungu. Ndama hawafungwi penye baridi, alisema, mama yao anapiga kelele. Mimi niliyeuliza kila kitu sikuwahi kufikiria kumwuliza mtu habari za ndama.

Mnaona basi kwamba nilikuwa na mwalimu. Tatizo ni kwamba sikumtaka. Nilitaka Meja ndiye anione, na kati yangu na Meja daima palikuwa na mgongo wa Barasa.

Tulipata mahali penyewe mwezi wa Juni. Lilikuwa shamba moja la Mzungu kwenye mwinuko wa kuelekea Dundori, pakavu, pana jua, maji ya chemchemi yako karibu. Palikuwa na nyumba za vibarua, tupu. Vibanda vya udongo vilikuwa vingi, na kando yake safu moja nzuri ya vyumba kumi na viwili, kuta za mawe, paa la mabati, sakafu ya udongo. Tuliiita Safu ya Mawe.

Nikauliza waliokuwa wanakaa hapa wameenda wapi. Dereva wetu akanitazama kana kwamba nimeuliza jina la Mungu. "Bwana, si unajua," akasema. Nilijua. Wakikuyu walikuwa wamepakiwa kwenye malori na kurudishwa kwao, au kupelekwa kuzuiliwa. Chumba cha tatu kilikuwa na chungu bado juu ya mafiga, na maharagwe yaliyokauka ndani. Barasa alikitoa nje kwa mikono miwili akakiweka kivulini, kama mtu anayetarajia mwenyewe atarudi kukichukua. Mimi niliandika: vyumba kumi na viwili, vinafaa. Swali langu niliona limetosha kwa kuulizwa tu.

Sasa nifike kwenye papasi.

Papasi ni kupe wa nyumbani. Anakaa kwenye nyufa za sakafu ya udongo na kando ya mafiga penye joto, na kwenye kuta. Mchana anajificha, usiku anatoka kunyonya damu ya aliyelala, na humwachia homa. Homa hiyo inapanda siku chache, inaacha, mtu anadhani amepona, kisha inarudi. Kwa mwenye mimba ni hatari sana, mara nyingi mimba hutoka. Haya yote niliyasoma na nikafaulu. Jina lake la Kilatini nililijua.

Barasa hakulijua. Alikuwa na chekeche la unga na shuka jeupe. Alifukua vumbi la nyufa za karibu na mafiga, akalichekecha juu ya shuka, akalitandaza juani, kisha akakaa chini. Mimi nikainama. Niliona vipande vya udongo, mkaa, maganda ya mahindi.

"Hakuna kitu," nikasema.

"Kaa chini."

"Tunangoja nini?"

"Papasi ni mjanja. Ukimgusa anajifanya maiti. Anakunja miguu, anakuwa kama changarawe. Akiona kumetulia, anatembea."

Tulikaa. Alivuta kiko kizima, akakung'uta majivu, akaanza kunieleza habari ya nyumbu mmoja wa Burma aliyekuwa anaogopa madaraja. Nilikuwa karibu kusimama kwa hasira. Ndipo changarawe moja ikatoa miguu. Kisha nyingine. Shuka lote likaanza kutambaa polepole, kama vile mtu amewaita.

Tulipima vibanda vya udongo siku mbili kwa njia hiyo, na karibu vyote vilikuwa na papasi. Tukaamuru vichomwe. Siku ya tatu ilibaki Safu ya Mawe.

Asubuhi hiyo Meja alikuja mwenyewe. Kulikuwa na kambi nyingine huko Gilgil, alisema, na mkubwa wa huko amesikia habari za mzee anayelamba shuka. Anataka ushauri. Nikafunga mkoba wangu, nikasogelea gari.

"Wewe baki," Meja akaniambia. "Maliza hii safu, halafu unipangie faili ofisini. Barasa, twende."

Mzee alipopanda aliniambia kupitia dirishani, "Kijana, usikimbie. Kila chumba, kiko kizima."

"Mimi sivuti," nikasema.

"Basi hesabu magari yanayopita barabarani. Yakifika kumi, tazama tena."

Wakaondoka. Vumbi lao likakaa hewani muda mrefu, na mimi nikalitazama mpaka likashuka. Nilikuwa nafikiri hivi: Gilgil watamkalisha kwenye meza ya maafisa. Watamwuliza, naye atakohoa, nao watasubiri. Na mimi, mtu pekee katika wilaya hii mwenye diploma hii na ngozi hii, nimeambiwa nihesabu magari.

Nilianza chumba cha kwanza saa tatu. Nilifukua, nikachekecha, nikatandaza, nikatazama. Hakuna. Nikaingia cha pili. Sikuhesabu gari hata moja. Nilijiambia kwamba kungoja ni mazoea ya wazee, kwamba macho yaliyofundishwa kutazama kwa hadubini hayahitaji kiko. Nilijiambia kuta za mawe hazina nyufa nyingi. Kila sababu niliyoitoa ilikuwa na kichwa na miguu. Jihadharini na siku ambayo sababu zenu zote ni nzuri.

Lakini chini ya hizo sababu palikuwa na kitu kimoja tu. Nikingoja, nitakuwa nimemtii. Nilitaka Meja akirudi jioni akute vyumba kumi na viwili vimepimwa kwa nusu siku, kazi ambayo mzee angeifanya kwa siku mbili. Saa sita kasorobo nilikuwa nimemaliza. Nikaandika "Hakuna papasi" mara kumi na mbili, nikatia sahihi, na chini ya sahihi nikaandika diploma yangu kwa kirefu.

Meja alisoma fomu jioni ile, akasema, "Umefanya haraka. Vizuri." Hayo tu. Nililala nikiyarudia.

Familia zilihamia Jumamosi. Mbithe alipewa chumba cha tatu. Alikandika sakafu kwa udongo na samadi, akaweka mafiga yake palepale palipokuwa na yale ya zamani, maana hapo ndipo moshi ulipopata pa kutokea nje. Nilipopita aliniita.

"Bwana Diploma, leo sikucheki. Umetupa nyumba." Akapiga ukuta kwa kiganja. "Hata upepo hauingii."

"Ni kazi yetu," nikasema.

"Mzee Barasa anasema ni yako. Anasema yeye hakuwepo."

Mnaona? Hata sifa yangu ililetwa na mzee yule. Iliniuma, nikaondoka bila kuaga vizuri.

Siku ya kumi, mtoto wa chumba cha saba alishikwa na homa. Kisha wanawake wawili. Kisha Mbithe. Wote tuliwapa dawa ya malaria, wote wakapata nafuu, wote wakarudi kuugua. Barasa aliposikia neno "ikarudi" aliweka chini kikombe cha chai, akachukua chekeche, akatembea kwa miguu mpaka kule, asingoje gari. Nilimfuata. Alikaa nje ya chumba cha tatu na shuka lake. Safari hii mimi ndiye niliyehesabu magari. Lilipopita la sita, shuka lilikuwa linatembea.

Hakunitazama. Alisema tu, "Hawa ni wengi," na akaanza kukusanya shuka kwa pembe zake nne.

Mbithe alipelekwa hospitali akiwa na miezi saba. Yeye aliokoka. Mtoto hakuokoka. Alikuwa wa kike.

Meja alituita ofisini wote wawili. Fomu ilikuwa mezani, na jina langu juu yake kwa wino mweusi, refu kuliko majina yote ya kambi. Lakini Meja hakunitazama mimi. Alikuwa na imani na karatasi, na kwake mtu aliyetoka chuo kikuu alikuwa karatasi yenyewe, isiyokosea. Alimwuliza Barasa, "Mzee, ulimfundisha huyu namna ya kungoja?"

Niliona jibu likipita usoni mwa Barasa, kisha nikaliona likirudishwa.

"Nilimwacha peke yake, afande," akasema. "Mtu hapewi nyumba kumi na mbili siku ya tatu. Kosa ni langu."

Palikuwa na saa ukutani. Nilikuwa na muda wa kutosha kusema. Nawaambia palikuwa na muda wa kuvuta kiko kizima, na sikusema. Na mjue nilichohisi wakati ule, maana ndicho kibaya kuliko kunyamaza kwenyewe: nilihisi wivu. Nilimwona amefanya pale mbele ya Meja jambo ambalo mimi nisingeweza, bila shida, kama mtu anayemimina debe la maji. Hata katika kosa langu mwenyewe alikuwa ametangulia.

Walimvua unyapara, wakampeleka Gilgil kuchimba mitaro mpaka mkataba wake ulipokwisha, naye akarudi kwao. Mimi nilipewa nafasi yake. Barua ya kukiri niliiandika miezi kadhaa baadaye. Meja alikuwa amehamishwa, na aliyemfuata aliitia kwenye faili bila kuniuliza hata neno moja. Hiyo ndiyo adhabu niliyopata serikalini.

Lakini kabla ya barua nilikuwa nimeenda kwa Mbithe. Ilikuwa juma la tatu baada ya yeye kutoka hospitali. Amri ilikuwa imetoka kwamba sakafu zote za Safu ya Mawe zichimbwe kina cha mkono, udongo utupwe mbali, na dawa ya unga imwagwe kabla ya kushindilia upya. Wanaume walikuwa porini, kwa hiyo wanawake walijichimbia. Nilimkuta chumba cha tatu, amejifunga leso kichwani, amesimama ndani ya shimo mpaka magotini. Alikuwa amekonda. Mafiga yalikuwa nje.

Nilisimama mlangoni. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima kutoka Lanet.

"Mama, nimekuja kukuambia habari ya hii nyumba. Ni nani aliyeipima."

"Najua," akasema. "Mzee Barasa alikuja kabla hajaenda Gilgil. Akakaa hapo ulipo. Akasema ni yeye."

"Si yeye. Ni mimi. Alinionya nikakataa. Yeye hakuwepo, alikuwa na Meja. Ni mimi peke yangu."

Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na haraka, kama mtu anayedai kitu chake. Nilijisikia mwenyewe. Na yeye alinisikia. Aliacha kuchimba, akaegemea mpini, akanitazama. Hakuwa na hasira usoni. Afadhali angekuwa nayo.

"Sasa hata hii mnagombania?" akauliza.

Akajifuta uso kwa mkono wa nguo, akatazama udongo uliobaki kuanzia alipokuwa amesimama mpaka ukutani, akaniuliza kama nimekuja na jembe.

Sikuwa nimekuja nalo.